Pua ya Eneida Lucumí

"Sijaogopa kisu, sijaogopa mume, leo niogope sindano?" Eneida Lucumí aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, siku ya sikukuu ya soko letu pale Cali, Kolombia, padri yupo na sisi wengine tumeshalewa. "Desemba ikifika nitakuwa na pua iliyochongoka. Nyie bakini na viazi vyenu usoni!"

Eneida anauza nguruwe. Tangu msichana anapasua vichwa kwa shoka. Mume wake wa kwanza alimpiga kofi siku moja tu. Mume huyo akavunjwa mkono kwa mchi wa kupondea ndizi. Wa pili aliondoka mwenyewe, kwa adabu.

Eneida huyu hanunui nyama kabla ya kuinusa, kuibonyeza na kuuliza imechinjwa lini. Lakini mchoma sindano ya kuchongoa pua alimchagua kwa kumtazama midomo tu. Maryluz, mwenye saluni ng'ambo ya barabara, midomo yake ilikuwa imeumuka kama andazi, alivaa koti jeupe, na watu walimwita daktari. Kwetu hilo si ushahidi. Mlinzi wa maegesho humwita daktari kila anayeweza kumtupia sarafu. Eneida mwenyewe kaitwa daktari akiwa na utumbo begani.

Nikamwambia, meza yangu ya mitishamba ikiwa jirani na yake, "Dada, muulize kwanza kasomea wapi."

"Wewe uliyesoma nusu ukakimbia ndiyo unifundishe kusoma?"

Soko likacheka. Nikarudi kwenye majani yangu.

Eneida alichomwa Ijumaa, kwenye kiti cha kuoshea nywele. Ncha ya pua ikawa nyeupe palepale, maumivu yakapanda hadi jichoni.

"Kawaida hiyo, malkia wangu," akasema Maryluz. "Kanda kwa barafu."

Jumamosi asubuhi alikuja sokoni na pua ya zambarau, yenye madoa kama ini lililolala juani. Akaibonyeza kwa kidole mbele yangu. Pakabaki peupe, damu haikurudi. Nikampigia simu daktari wa ngozi, bibi mmoja anayenunua maua ya chamomile kwangu.

"Mshipa umeziba," akasema. "Aje sasa hivi, pua inakufa. Akiwa na boksi la hiyo dawa, tujue alichomwa nini, vizuri zaidi."

Eneida alisikia neno boksi tu. Akachukua shoka.

"Boksi!" akanguruma mlangoni mwa saluni.

"Boksi gani, mami? Nimeshatupa."

Shoka likatua kwenye kioo. Wateja wakatoka mbio, rangi za nywele zikiwachuruzika shingoni. Maryluz akamrushia pasi ya nywele, ya moto, ikamwunguza shavu. Eneida akamkamata nywele. Zikambakia mkononi, za kununua zile. Akamkamata sikio. Hilo lilikuwa lake. Akamgongesha kwenye sinki hadi sinki likapasuka, damu na povu vikatiririka pamoja.

"Dada, twende!" nikamvuta. Akanipiga kiwiko, jino langu likalegea.

"Sema, au nakukata bega!"

Maryluz akanyoosha kidole kabatini. Shoka likafungua kabati, kufuli na ukuta wa nyuma kwa pamoja. Boksi lilikuwemo.

Nikampakia Eneida kwenye pikipiki. Kliniki, daktari akalitazama boksi mara moja, akalitupa kando.

"Ni jeli, inayeyuka. Lakini ningekuchoma dawa ya kuyeyusha hata ungekuja mikono mitupu. Muda mliopigana ndio unaokula pua yako."

Sindano za kuyeyusha zilimwingia Eneida puani moja baada ya nyingine. Alipiga teke meza ya vyombo, akamng'ata muuguzi, akamtukana mama wa kila mtu. Jioni rangi ikarudi, isipokuwa ukingo wa tundu la kushoto. Huo ulikauka, ukawa mweusi, ukadondoka. Polisi wakaifunga saluni. Eneida naye ana kesi ya sikio.

Siku ya kuondolewa bandeji, daktari hakumbembeleza.

"Mama, anayekuchoma akuoneshe cheti chake, afungue boksi mbele yako, na awe na dawa ya kutoa alichokuwekea. Akikosa hata kimoja, usimpe hata ukucha."

"Sasa hayo maneno ningeyapata wapi kabla?" Eneida akauliza, kidole kikipapasa pale palipopungua.

"Hapa hapa. Watu huja kuuliza tu."

"Kwa peso ngapi?"

"Laki moja na themanini elfu," akasema daktari, "kuuliza tu."