Uwazi Chini ya Paa

Mimi ni fundi ujenzi wa Kilosa, na nina ugonjwa mmoja: nikiona tundu ukutani, mkono unatafuta mwiko. Ugonjwa huo nusura umhamishe mtu mji.

Mtu mwenyewe ni mama mmoja wa Kihindi, mjane, anayeuza vitambaa karibu na soko. Rangi ya duka lake ilikuwa imebanduka mpaka matofali yanachungulia. Siku aliyoniita nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema shida yake bila kuzunguka.

"Mwanangu wa Dar anataka kunihamisha. Ananiuliza, mama, ukifa huko tutakuchomea wapi, na mahali penyewe pamejaa tope la mafuriko? Fundi, ukipatengeneza, mimi sihami. Ukishindwa, mwisho wa mwezi gari linakuja."

Mahali hapo, wanapochomea Wahindu maiti zao, pako ng'ambo ya reli, kando ya mto. Babu yangu, aliyeletwa huku na kazi ya reli, alibeba karai za zege siku lilipomwagwa paa la hapo, miaka michache kabla ya Uhuru. Lakini sisi tunaozika, Waislamu kwa Wakristo, tulipita mbali. Nilipoingia kwa mara ya kwanza nilisimama nimeduwaa. Zege tupu, halina pambo hata moja. Paa jembamba limekunjwa katikati kama daftari lililofunguliwa, kingo zake zimeinuka kulia na kushoto, limekaa juu ya nguzo nne. Upande wa mto kuna ukuta wa matofali ya matundu, na upande wa pili benchi refu la wafiwa. Nilimwonea wivu aliyelichora.

Nilizoa tope, nikaziba nyufa, nikapiga lipu upya. Kasoro moja tu iliniudhi: kuta hazikufika kwenye paa. Kulibaki uwazi wa kama dhiraa moja, kulia na kushoto. Nikajisemea, hapa wazee waliishiwa saruji. Mvua ya Kilosa naijua, inapiga kwa ubavu. Basi nikapanga matofali, nikaziba pote, nikapaka chokaa. Sikumuuliza mtu. Ya nini, na fundi ni mimi?

Mama alikuja na bodaboda. Akatazama juu. Mimi nangoja sifa.

"Fundi, moshi utatokea wapi?"

Nilitaka kubisha, maana kukosolewa sikupendi. Lakini maisha yangu yote nimejengea watu walio hai.

"Alipoletwa mume wangu," akasema, "sisi wanawake hatukuja. Nilisimama kule relini. Nikaona moshi unatoka huku na huku, polepole, kama mtu anavyopumua. Nikajua amekwenda salama. Sasa mimi umeniziba pua."

Niliona aibu, aibu hasa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi msemo huo nilikuwa nawaambia wengine.

Siku tatu nilibomoa nilichojenga, kwa patasi, kidogo kidogo, nisilijeruhi paa la babu. Tofali la mwisho lilipotoka, mwanga uliingia ukalala sakafuni, mstari mmoja mrefu mpaka kwenye benchi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wazee hawakuishiwa chochote.

Mama akaja tena, akanitaka niwashe majani makavu. Moshi ulipanda, ukafuata mteremko wa paa kwenda juu, ukatoka pande zote mbili. Sisi kwenye benchi haukutufikia hata kidogo. Mama alilia, kisha akacheka, kisha akampigia simu mwanawe.

"Gari usilete. Pangu pako tayari."

Akaweka simu kwenye mkoba, akanigeukia.

"Kesho uje dukani unipakie rangi, fundi. Miaka yote hii sikupaka, nikijua nahama."

"Rangi gani, mama?"

"Inayodumu."