Tarakimu Niliyoiruka

Nakumbuka Julai ya mwaka 1974, msimu wa baridi, nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, mjane wa miaka miwili na mwanafunzi wa masomo ya watu wazima. Usicheke, mwanangu. Niliianza alfabeti nikiwa tayari mama wa watoto wawili.

Nilifanya kazi katika karakana ya sweta za shule ya Mama Wambui, mwenye ploti ya nyumba za kupangisha Kawangware. Kitabu chake cha vielelezo vya kufuma hakikutoka kabatini kamwe. Ukurasa uliotakiwa ulinakiliwa, na nakala ndiyo iliyofika kwenye mashine. Kila hatua ilikuwa na tarakimu tatu: rangi, idadi ya mishono, na aina yake. Ili kubana karatasi, tuliziandika mfululizo bila nafasi. Kunakili kulikuwa kazi yangu, nami niliionea fahari.

Jumatano tarehe 17 nilimpa nakala mfumaji Nekesa, jirani yangu wa mtaa wa Kambi Muru, aliyekuja mjini kutoka Kakamega. Herufi hakuzijua, lakini namba alizijua vizuri.

"Dada, hizi namba ziko sawa kweli?"

"Wewe fuma tu. Kusoma niachie mimi."

Sweta kumi na mbili zikatoka na mistari iliyovurugika kuanzia kifuani. Nilisema, mbele ya watu, kwamba kosa ni la mkono mzito wa Nekesa. Nyani haoni kundule. Mama Wambui akamsimamisha kazi hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata, atakapoamua kama atamfukuza. Nekesa alikuwa na watoto watatu.

Jumamosi, katika darasa letu la watu wazima mtaa wa Makina, Mwalimu Halima alichora ubaoni vipande viwili vilivyokumbatiana, kidogo na kikubwa. Alisema hiyo ni ribosomu, na karibu kila seli ya mwili inazo tele. Maagizo ya asili hubaki ndani ya kiini cha seli. Nakala yake ndiyo hutoka. Kipande kidogo huishika nakala na kuisoma herufi tatu tatu. Kikubwa huunganisha asidi amino, vijenzi vya protini, moja baada ya nyingine, hadi protini ikamilike. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Umbo kamili la ribosomu, alisema, wataalamu walikuwa bado wanalitafuta. Nilimwandama kwa maswali hadi mzee mmoja akaniuliza kama nataka kuiposa.

"Mwalimu, herufi moja ikirukwa?"

"Kuanzia hapo kila kitu huvurugika. Nayo ribosomu haina kosa, imesoma ilicholetewa."

Nikaikumbuka nakala niliyompa Nekesa.

Jumatatu niliomba kitabu kabatini, nikalinganisha. Mstari wa sita, tarakimu moja haikuwepo. Mwandiko ulikuwa wangu. Nami, mwanangu, nilinyamaza siku tatu nzima, nikiogopa kufukuzwa na kuchekwa.

Ijumaa, tarehe 26 Julai 1974, Mama Wambui alipotuita sote, niliweka nakala kando ya kitabu nikaonyesha pengo kwa kidole. Alizilinganisha mwenyewe, mstari kwa mstari. Kisha akaandika, tukatia sahihi: Nekesa amerudishwa kazini, na hakuna nakala itakayofumwa kabla Nekesa hajaikagua.

Nekesa alitia dole gumba, akanigeukia. "Sasa nifundishe hizo herufi, dada, ili siku nyingine nikukatalie vizuri."

Mwanangu, kazi ikiharibika, soma upya agizo ulilolitoa kabla ya kuulaumu mkono uliolifuata. Na anayekuuliza usimzibe mdomo. Mungu akujalie udadisi usiochoka, na ukweli wako usichelewe kama wangu.