Kitenge cha Juu

Mwaka 2016 tulikwenda Ugiriki, wanawake wa kwaya za Louisville, Columbus na Buffalo, kuona nyumba za watawa zilizojengwa zamani juu ya majabali. Mimi nilitoka Louisville, nimeomba likizo ghalani nilikofanya kazi, na kwa furaha sikulala vizuri wiki nzima. Mama alitoka Buffalo amevaa kitenge juu ya kitenge. Tulipokutana uwanja wa ndege nilimcheka mbele za watu. Mimi nilikuwa na jinzi mpya, msafiri kamili!

Basi lilipokata kona ya mwisho, tulipiga vigelegele. Jabali limesimama wima, na juu kabisa, mahali ambapo hata mbuzi angesita, nyumba yenye paa jekundu. Ngazi zilichongwa kwenye mwamba, zikipinda na kupinda. Nikaziangalia, nikayaangalia magoti ya Mama, nikamwambia kiongozi wetu kwamba Mama atabaki kwenye basi. Mama mwenyewe sikumwuliza.

"Nimevuka bahari juu ya kuangalia tu toka chini?" Mama akasema kwa Kiswahili chake cha nyumbani, kilichochanganyika na Kifaransa.

"Magoti, Mama," nikajibu, nikashuka mbio.

Nilipanda kama mtu anayefukuzwa. Nilifika langoni wa kwanza, nahema, nacheka peke yangu. Mtawa mmoja, bibi mzee, akanitazama miguu, akatikisa kichwa. Mwanamke haingii na suruali. Akanionyesha kikapu cha sketi za kuazima, na kilikuwa kitupu, kundi lililotutangulia limezimaliza. Wenzangu walifika na sketi zao, wakanipita, wengine wakinipa pole, wengine wakibana kicheko. Lango lingefungwa baada ya saa moja. Nilimkasirikia mtawa, kisha nikaikasirikia jinzi. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wangu ulikuwa umeshaota.

Ikabidi nishuke hadi kwenye basi kumwomba Mama kitenge. Nusu ya njia nikasikia mtu anaimba wimbo wa kwaya zetu, anakatisha kwa kuhema. Alikuwa Mama! Ameshika ukuta, anapanda ngazi moja, anapumzika, anapanda nyingine.

"Mama, si nilisema ubaki!"

"Ulisema kwa nani?"

Hasira yote iliniisha, nikabaki na aibu. Nikamweleza yaliyonikuta. Hakunicheka. Alifungua kitenge cha juu, akanifunga kiunoni, akakaza fundo kama alivyonifunga nilipokuwa mdogo.

"Bon, nipe mukono. Mukono tu, usinibebe."

Tulipanda polepole, na nilikuwa na furaha kuliko nilipopanda mbio. Mtawa alitazama vitenge vyetu, akatabasamu, akatupisha. Mama alitangulia kuingia. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akachungulia chini, kule basi letu lilikokuwa dogo kama punje ya haragwe.

"Donc," akasema bila kunitazama, "nani alipashwa kubakia mu bisi?"