Mizani ya Kiwanja cha Ndege

Mchungaji ndiye aliyemletea Tusekile habari kule Ikuti: kaka yake amefariki hospitalini Dar es Salaam. Tangu soko huria lilete ndege za watu binafsi, kaka huyo alikuwa mpima abiria katika kiwanja cha Mbeya. Kila msafiri alipanda mizani na mzigo wake, naye, mikono mgongoni kama mzee wa kanisa, akatangaza kilo kwa sauti ya matangazo ya ibada. "Mmezidi, mama. Abaki nani, wewe au mkungu?" Ila akija mfiwa, alitazama mawingu akasahau kusoma mizani, na Mungu hajawahi kuinyima Mbeya mawingu.

Kampuni ya ndege iliyomwajiri ilitoa rambirambi tamu sana, kisha ikakataa kumrudisha nyumbani: jeneza limezidi kilo. "Bwana asifiwe," alisema Tusekile, "kazi aliwafundisha vizuri." Kaka akarudi kwa lori lililokuwa limepeleka ndizi za Tukuyu sokoni Dar. Walimzika Jumamosi migombani, karibu na mama yao. Wanaume walimshusha kwa kamba taratibu, Tusekile akatupa udongo, wakaimba, wakarudi nyumbani.