Jazi ya Mzee, Matanga ya Mama

Mwaka ule nilikuwa nimechoka, uchovu ambao usingizi hauutoi. Nilikuwa nikimhudumia mwalimu mstaafu wa historia, Mmarekani mweusi aliyehamia Doha kuishi na bintiye katika mtaa wa Al Thumama. Dawa saa mbili, chai, mazoezi ya magoti, kuoga, dawa tena. Na katikati ya hayo yote, jazi. Tarumbeta ilianza kabla sijavua viatu asubuhi, na haikunyamaza mpaka chakula cha mchana. Ndege zikipita juu ya paa kuelekea uwanjani, yeye anaongeza sauti tu.

Mwanzoni niliuchukia muziki ule. Niliona ni kama watu watano wanaobishana na hakuna anayemaliza sentensi, na nilimwambia hivyo. Alicheka mpaka ikabidi nimshike asianguke kitini.

"Wanapokezana," alisema. "Wimbo wote wanaujua. Kila mmoja anapewa zamu aseme lake."

Hadithi yake ilikuwa moja na aliirudia kila wiki, nikaijua kuliko Zaburi. Watu wake walitoka mashamba ya pamba ya Kusini mwa Marekani wakahamia miji ya Kaskazini, na muziki ukaenda nao. Waliosoma miongoni mwao, madaktari na wachungaji, wengi waliuonea aibu. Waliuita muziki wa vilabu vya pombe. Bibi yake mwenyewe alikuwa akifunga kinanda kwa kufuli, watoto wasije wakapiga kitu kisichoandikwa kwenye karatasi. Kisha wakatokea vijana, washairi na wachoraji, wakaenda kuusikiliza kulekule ulikodharauliwa. Wakaandika mashairi kwa mapigo yake. Wakachora watu weusi walivyo, bila kuwapaka poda. "Hapo ndipo tulipoacha kuomba radhi kwa kuwa sisi," alisema, kisha akakataa kumeza dawa.

Siku moja aliniuliza kwetu watu huimba nini. Nikamjibu kwamba huimba nyimbo za dini, basi. Nilimdanganya.

Mama yangu alikuwa mwimbaji wa matanga. Upande wetu, magharibi mwa Kenya, mtu akifa, mama alitumiwa ujumbe hata kabla ya fundi wa jeneza. Alisimama mbele ya mwili akatunga papo hapo: marehemu alikuwa nani, alimlisha nani, nani alimkosea. Wanawake wakamwitikia. Hakurudia wimbo, kwa sababu alisema hakuna watu wawili waliokufa wakiwa sawa. Na mimi nilimwonea haya. Shuleni tuliandika "mwacha mila ni mtumwa" katika kila insha, kisha tukachapwa kwa kuongea lugha ya nyumbani. Nikiwa kidato cha pili alikuja kunitembelea, akaanza kuimba tangu langoni kwa furaha ya kuniona. Nilimkimbilia nikamwambia, "Mama, tafadhali, si hapa." Akanyamaza. Hakuimba tena mbele yangu, nami nikaona nimeshinda.

Mwaka uleule wa Doha, mama alifariki Jumatatu, mazishi yakapangwa Jumamosi. Bintiye mwalimu alikuwa safarini kikazi na hakukuwa na wa kumwachia mzee kwa siku kadhaa. Kusema kweli, hata ningepata ruhusa sijui kama ningethubutu kwenda. Ijumaa, siku ambayo makanisa ya huko husali, baada ya ibada Wakenya wenzangu walikusanyika kwenye chumba kimoja mtaani Al Sadd, tukaimba nyimbo za kitabuni, zote kwa namba. Nililia kidogo, nikala pilau. Sikuhisi nimemzika mtu.

Jioni ile mdogo wangu alinipigia.

"Kesho wewe ndo utaanza," alisema. "Firstborn ndiye huimbia mama. Nitashika simu hapo kaburini."

"Mimi sijui kuimba, na wewe unajua. Wewe si alikufundisha?"

Alinijibu: "Niliwahi kumuuliza kwa nini wewe hakufundishi. Akasema, mwache, ataona aibu."

Hilo liliniuma kuliko habari ya kifo chenyewe.

Jumamosi saa saba mchana nilikuwa nimekaa jikoni kwa mwalimu. Nilipomwambia kuwa namzika mama yangu, alizima muziki wake mwenyewe, akaja na fimbo yake akaketi karibu nami. Kwenye simu niliona udongo mwekundu na viatu vya watu. "Haya, dada, anza," nikamsikia mdogo wangu.

Lugha ya kwetu ilinitoka vipandevipande, nusu yake Kiswahili. Nilisema alikuwa nani. Nilisema aliwalisha nani, nikiwataja watoto wa jirani mmoja mmoja. Nilipofika kwa waliomkosea nikajitaja mimi, na hapo sauti ikakatika. Mwalimu, ambaye hakuelewa hata neno moja, alianza kugonga meza kwa vidole, tena nje kabisa ya mapigo. Nilikasirika, na ile hasira ikanirudishia sauti.

Kisha nikawasikia wanawake wa kwetu wakiniitikia. Walingoja nitunge mstari mwingine, wakaitikia tena. Nilikosea maneno mengi na hakuna aliyecheka. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, ndiyo kwanza naimba mbele ya watu wetu, na yule niliyekuwa namwimbia hakunisikia.