Daktari Aliyehesabu Migongo

Jumatatu, Julai 5, 2021, saa moja asubuhi. Wagiyo, dereva wa lori, anaingizwa kliniki ameshikiliwa na mkewe na jirani. Daktari Kusrini anampandishia shati. Mgongo mzima una michirizi myekundu, utadhani umepitishwa reki.

"Amekwanguliwa mara ngapi?"

"Mara nne, Bu Dokter," anajibu mkewe. "Tulijua ni upepo tu umemwingia."

Mara nne ni siku nne za kuchelewa. Hospitali ya wilaya inasema haina kitanda wala mtungi wa oksijeni. Kabla ya saa nne, Wagiyo amekata roho kwenye benchi.

Huku Java, Indonesia, mwenye homa hupakwa mafuta, akakwanguliwa mgongo kwa sarafu mpaka damu ivilie, upepo utoke. Mwaka ule kliniki ilikimbiwa kabisa. Watu waliogopa kuandikwa korona, wakazikwe na wageni bila ndugu kuwagusa. Na wakubwa walileta nini? Mabango ya korona. Ya kubandika walikuwa nayo tele, ya kupumulia hawakuwa nayo.

Kusrini, 52, daktari wa familia kwa miaka 23, aliyaacha mabango kwenye boksi. Alasiri ileile alikwenda kwa Mbah Sumirah, bibi anayekwangua migongo ya kijiji kizima.

"Umekuja kunifungia kazi?" bibi aliuliza bila kumkaribisha.

"Nimekuja kuuliza, Mbah. Wiki hii umekwangua wangapi?"

"Kumi na tisa. Vidole vimekufa ganzi. Wewe umepata wangapi?"

"Watatu."

"Basi daktari ni mimi."

"Ndiyo maana nimekufuata."

Alimwachia kipimo cha oksijeni, kile cha kubana kidoleni. Sharti lilikuwa moja: kidole kwanza, mgongo baadaye. Kikisoma chini ya 94, aitwe daktari. Wakwanguaji wengine sita wakajiunga. Kwa mwezi mmoja walimletea wagonjwa 41 mapema. Watatu walikufa, wote wakisubiri mtungi.

"Wangapi walinikimbia mimi wakampa Mbah mgongo?" anasema Kusrini. "Sarafu haiui mtu. Kuchelewa ndiko kunaua. Sasa nigombane na sarafu ya nini?"

Hadi leo, kila Ijumaa asubuhi, wakwanguaji hukutana barazani kwake kwa chai na tempe, vipande vya soya vya kukaanga. Kila mmoja hutaja homa alizokutana nazo.

"Mimi sina hata moja wiki hii," Mbah Sumirah analalamika. "Watu wamekuwa wazima, wananitia njaa."

Kusrini anataka kundi hili litambuliwe na wilaya, lipewe vipimo na njia ya kutoa taarifa. Ameandika barua tatu. Jibu alilopata ni moja: kukwangua hakumo kwenye mwongozo wa tiba. Aliyeandika jibu hilo hajawahi kukanyaga hapa.

"Nitaandika mpaka wachoke kufungua bahasha," anasema.

Barua ya nne iliondoka mwezi uliopita. Ina swali moja tu: homa ngeni ikianza kesho kijijini kwetu, ni nani ofisini kwenu atakayepokea simu, na namba yake ni ipi?