Simu Niliyoazima kwa Jirani

Mimi ndiye niliyemwekea ile programu kwenye simu, na kwa kidole changu mwenyewe nikabonyeza "nakubali". Alikuwa jirani yangu mtaani Nyalenda, muuza samaki wa kukaanga. Tulichota maji kwenye mfereji mmoja, naye aliniita nyamera, dada yangu. Mimi nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea.

"Hii kitu itanichunga kama askari," alisema.

Nikamcheka. Nikamwambia yale niliyoambiwa na mkubwa wangu wa kazi, neno kwa neno: ukikaa karibu na mgonjwa wa korona, simu inakujulisha wewe peke yako. Haina jina. Haileti mtu mlangoni. Ploti nzima, wapangaji wenzetu wote, ilikuwa imekataa. Wengine walisema ni mambo ya shetani, wengine wakauliza tangu lini serikali ikatupa kitu cha bure. Yeye alikubali kwa sababu yangu.

Sasa, kwetu simu si ya mtu mmoja. Yako ikiharibika unachukua ya jirani, kama unavyochukua jiko. Siku niliyoitwa semina Milimani, yangu ilikuwa kwa fundi, kioo kimepasuka. Akanipa yake. Kutwa nzima nilikaa kando ya bwana mmoja aliyekohoa ndani ya barakoa.

Wiki hiyo hiyo mama wa jirani yangu akafariki, kijijini huko ufuoni. Yeye ndiye binti wa kwanza, na mazishi yalipangwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi, mzigo wake ushafungwa, gari la karantini likafika. Wale watu wa mavazi meupe walikuwa na namba yake na majina yake yote matatu. Haileti mtu mlangoni, eti!

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikampigia mkubwa wangu kwa simu yangu, iliyokuwa imesharudi kutoka kwa fundi. "Bwana, aliyekaa na mgonjwa ni mimi. Simu tu ndiyo yake."

"Nyamaza," akasema. "Ukijitaja, wahudumu wote mtafungiwa. Nitarekebisha leo. Jioni atakuwa nyumbani."

Nikamwamini. Aki ya Mungu, mtu mzima na akili zangu! Niliporudi mbele, jirani yangu alikuwa akiapa kwamba wiki ile hakutoka kwenye ploti, na ilikuwa kweli. Akanigeukia. "Nyamera, waambie."

Nikasema, "Nenda tu. Jioni utarudi."

Hakurudi. Mkubwa wangu hakupokea simu zangu tena. Jumamosi wakamzika mama yake, yeye akiwa kwenye bweni la shule lililogeuzwa karantini, hana homa, hana hata kikohozi. Mimi niliyefaa kufungiwa nikaendelea kuchota maji. Ploti ikabaki kunitazama, na hata wale wachache wa mtaa wa pili niliokuwa nimewashawishi wakaifuta programu mbele yangu makusudi.

Yule mkubwa wangu nina hasira naye mpaka leo. Alinidanganya mara mbili, na mara zote mbili nilimpigia saluti. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Ni kweli, lakini nguoni mwa jirani yangu nilikuwa mimi.

Aliporudi baada ya wiki mbili nilimweleza yote, nikilia. Alikuwa akipara samaki, na hakuacha.

"Simu ningekupa hata leo," akasema. "Lakini ulijua, na bado ukaniambia nenda."